Kuamkia Ijumaa Kariakoo

Msafiri atokaye Tanga siku hizi hashuki tena Ubungo kama tulivyozoea, bali hufikishwa Mbezi, katika kituo kikubwa kilichofunguliwa mwaka 2021, na kutoka hapo hana budi kuitafuta njia ya mjini kwa mabasi ya mwendokasi, ambayo hupita Kimara, Ubungo na Magomeni, kisha huteremka katika bonde la Jangwani, mahali ambapo Mto Msimbazi, ulio mwembamba na mnyonge wakati wa kiangazi, hufura mvua kubwa zinaponyesha, ukaifunga barabara na kuwaacha watu wamesimama kila upande wakitazamana. Siku niliyopita mimi bonde lilikuwa kavu. Ng'ambo yake ndipo Ilala inapoanza, na hata aliyefumba macho angeijua kwa masikio, kwa kuwa tangu kituo cha Msimbazi hadi Gerezani, ambako mabasi hukoma, hewa yote imejaa maneno: vipaza sauti vikitaja bei ya shuka na viatu bila ya kupumzika kumeza mate, makondakta wa daladala wakiita Mbagala na Gongo la Mboto, mahubiri yakitoka katika spika ya duka moja na mawaidha katika spika ya duka la pili, na kijana mwenye kipande cha kitambaa mkononi akimwapia mteja viapo ambavyo kadhi angehitaji siku nzima kuvipima.

Nami nilikuwa nimekuja mahali hapo, penye maneno mengi kuliko popote nipajuapo, kwa ajili ya jambo ambalo masufi wenyewe husema kwamba halipatikani kwa maneno.

Sababu ya safari ilikuwa mabishano. Katika baraza letu la Ngamiani, Tanga, tulikuwa tukisomeana habari za Imamu Abu Hamid al-Ghazali, ambaye mwaka 1091 alikabidhiwa kiti cha ualimu katika madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad, akawa mtu ambaye mawaziri humwendea na wanafunzi kwa mamia humkalia kitako, hata ulipofika mwaka 1095 ulimi wake ukafungika darasani: neno halikutoka, chakula hakikushuka, na matabibu wakainua mikono wakisema kwamba ugonjwa umeanzia moyoni na dawa yake haimo mikobani mwao. Akagawa mali yake, akabakiza ya kuwatosha watoto, akaaga kwamba anakwenda Makka, akashika njia ya Sham. Katika kitabu alichokiandika baadaye juu ya maisha yake anasimulia kwamba vitabu vya masufi alikuwa ameshavisoma, na yote yajulikanayo kwa kusoma na kusikia alikuwa ameshayajua, ndipo alipotambua kwamba kilichosalia hakina njia ila kukiishi. Kwani tabibu aliye mgonjwa huijua afya kwa sifa zake na masharti yake yote, na afya yenyewe hana.

Tuliyaafiki hayo sote isipokuwa mzee mmoja, fundi cherehani, ambaye kwa kawaida husikiliza huku akitunga uzi.

"Huyo aliyaacha maneno kwa kuwa alikuwa nayo ghala tele," alisema. "Na yule asiyepata kuwa nayo hata kibaba, yeye ataacha nini?"

Hapakuwa na aliyemjibu, na mimi swali hilo lilinikaa. Nikaona kwamba pa kulipeleka ni Kariakoo, kwa sababu Kariakoo ni mtaa wa wachukuzi tangu asili ya jina lake. Wajerumani walikuwa wameshaupima uwanja huo na kuukata mitaa iliyonyooka, uwe makazi ya Waafrika, kabla vita vya 1914 havijawashughulisha. Waingereza walipoutwaa mji Septemba 1916 wakaufanya kambi ya Carrier Corps, jeshi la wapagazi, watu waliobeba vichwani risasi, unga na majeruhi katika vita visivyokuwa vyao, na ambao waliuawa kwa maelfu mengi na homa, na tumbo la kuhara, na uchovu, kuliko waliouawa na risasi. Asubuhi ya Alhamisi nilikwenda kwa miguu hadi katikati ya mji, barabara ya Samora, kuitazama sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927. Aliyeinuliwa juu ni mwenye bunduki. Wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini, na maandishi hayo, kwa jinsi magari yanavyopita kwa kasi kuizunguka sanamu, ni machache macho yanayopata wasaa wa kuyasoma.

Kutoka hapo nikarudi kwa njia ya Mnazi Mmoja, uwanja ambao wakati wa ukoloni uliachwa wazi makusudi ili uwatenge Wazungu na Wahindi na watu wa Kariakoo, na ambao baadaye, kwa hukumu ya Mola ambayo sina haja ya kuipamba, ukawa uwanja wa sherehe za taifa na wa Maulidi. Nikaingia sokoni. Soko kuu, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lina paa la miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa kuelekea mbinguni ipokee mvua. Liliungua Julai 2021, likakarabatiwa, na jengo jingine jipya likapandishwa ubavuni mwake. Pembezoni wachukuzi walikuwa wakipita na maguta na mikokoteni, na wengine na magunia mabegani, wakisema neno moja tu, "Mzigo! Mzigo!", na watu wote, mwenye duka na mwenye cheo, wakiwapisha.

Nilikuwa nimeelekezwa kwa mzee mmoja muuza vitabu vya dini Mtaa wa Sikukuu, ambaye kila mtu humwita Maalim. Duka lake ni kibaraza na nusu ya chumba: misahafu, juzuu za Yasini, Maulidi ya Barzanji katika chapa za kila ukubwa, tasbihi, miswaki, kofia, ubani, na mafuta ya udi katika vichupa vidogo mno hata nikadhani ni vya kuonyeshea tu.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, bwana. Karibu ukae. Kahawa inakuja."

Nikamweleza haja yangu kwa urefu, nikianza na Baghdad na kuishia Ngamiani, nikamtajia swali la fundi cherehani, nikamwuliza kama watu wa tarika wanaokutana mtaani kwake usiku wa kuamkia Ijumaa wanayo maarifa ambayo msomaji wa vitabu hana, na kama wanayo, yanafanana na nini. Alinisikiliza hadi mwisho bila ya kunikatiza. Kahawa ikaja, akaninywesha, akanipa na kipande cha kashata.

"Zikri ni baada ya Isha," alisema. "Lakini kazi huanza baada ya Alasiri. Ukitaka kutazama, njoo Isha. Ukitaka kujua, njoo Alasiri."

Nikaenda Alasiri. Zawia wanamokutana ni nyumba ya Kiswahili ya namna ile ya zamani, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku na ua nyuma, iliyosalia kati ya maghorofa mawili ambayo yameinyima jua lote isipokuwa la adhuhuri. Nilitazamia kukaribishwa mkekani na kuongozwa katika mazungumzo, nikakabidhiwa ndoo. Aliyenikabidhi alikuwa mchukuzi wa sokoni, kijana ambaye ningeweza kumzaa, naye aliniita "mzee wangu" kwa adabu kamili na hakunipunguzia hata safari moja ya bombani. Maji yalipojaa pipa, nikapewa vikombe vya kahawa, sinia tatu kwa wingi wao, nivisuuze. Baada ya vikombe, mikeka, ikung'utwe ukutani na kutandikwa upya. Baada ya mikeka, nikapelekwa uani kwa wanawake, ambao walikuwa wameinjika sufuria mbili za pilau juu ya mafiga, nikakalishwa mbele ya beseni la vitunguu.

"Vyembamba, mzee," aliniambia mama aliyeonekana kuwa mkuu wa jiko, baada ya kukitazama kitunguu changu cha kwanza. "Hatupiki kuni hapa."

Wenzake wakacheka, nami nikacheka, na machozi yalikuwa yameshaanza kwa sababu nyingine. Nakiri kwamba kulikuwa na saa ambayo nilishuku kuwa wanautumia ujio wangu kupata mtumishi wa bure. Lakini nilipotazama kando yangu nikaona kwamba anayechambua mchele ni mwenye maduka mawili ya vitambaa Mtaa wa Kongo, na kwamba yule anayechochea moto ni karani mstaafu wa bandari, na hakuna aliyeonyesha kwamba ametoka mahali pa juu na kushuka. Wala hapakuwa na mtu aliyetaja siri, wala daraja za kiroho, wala kufunuliwa kwa pazia, wala lolote la yale niliyoyasoma. Walizungumza juu ya kodi za nyumba, na timu zao mbili, ambazo makao yake yako karibu hapo na ambazo kwa watu wa Kariakoo ni jambo la itikadi, na mtoto wa nani ameoa.

Khidma, yaani kuwatumikia wengine, si jambo la pembeni katika njia hii, nami nilipaswa kulijua kutokana na historia ya pwani yetu kabla ya kulijua kutokana na beseni. Tarika ya Kadiria, inayonasibishwa kwa Sheikh Abdulkadir Jilani aliyefariki Baghdad mwaka 1166, ilienea huku kwa bidii ya Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyezaliwa 1847, akasafiri hadi Baghdad kupokea ijaza, yaani idhini ya kufundisha, akarudi, akakirimiwa na masultani wa Unguja, na mwaka 1909 akauawa huko Usomali na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan, ambao hawakuipenda njia yake. Waliompokea Unguja na Mrima hawakuwa mashehe wa ukoo peke yao. Aliyeisimamisha Kadiria Bagamoyo, Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye watu wote humwita Shehe Ramiya, alikuwa mtoto wa Manyema, upande wa Kongo, aliyeletwa pwani mtumwa na kulelewa katika nyumba ya Mwarabu wa ukoo wa Lamki. Alifanya biashara ndogondogo, akajinunulia nafasi ya kusoma, akasoma, akasomesha, akapokea ijaza, na alipofariki mwaka 1931 watu wa ukoo na wasio na ukoo walilifuata jeneza lake, na mwanawe Muhammad akashika mahali pake. Na katika nchi ya Nyasa, ambayo sasa ni Malawi, mmoja wa makhalifa walioieneza Kadiria alikuwa mwanamke, Mtumwa binti Ali, aliyepata ijaza yake Unguja. Jina lake lenyewe lawaambia wenye kuijua pwani ya zamani alikotokea.

Hapo ndipo nilipoanza kuuona upungufu wa mabishano yetu ya Tanga. Ghazali alitoka kitabuni akaenda kwenye matendo: yasemwa na yeye mwenyewe kwamba huko Damascus alijifungia katika mnara wa msikiti, akishughulika na kuisafisha nafsi yake. Shehe Ramiya alitoka kwenye khidma akaja kitabuni. Kwa mlango wa nasaba na elimu asingepita, kwa kuwa waliokaa mlangoni walikuwa wakiuliza baba yako nani na umesoma kwa nani. Lakini katika duara la zikri haulizwi mtu neno ila kama ana udhu, na mtu akishaingia ndani ya duara, akatambulikana kwa moyo wake na mikono yake, ni vigumu kumnyima kitabu. Ndiyo sababu yangu ya kutokubali wanaposema watu, wa upande huu au wa upande ule, kwamba masufi ni maadui wa elimu ya kusoma. Kwa wengi wa watu wetu zikri ndiyo iliyowafungulia chuo.

Serikali ya Kijerumani iliyafahamu mambo haya kwa njia yake. Mwaka 1908 ilienea pwani ya kusini, hasa pande za Lindi, ile iliyoitwa Barua ya Makka, ikisimulia ndoto ya mlinzi wa kaburi la Mtume na kuwaonya watu kwamba Kiyama kimekaribia. Misikiti ikajaa, zikri zikazidi, na maofisa, ambao Maji Maji ilikuwa bado mbichi vichwani mwao, wakaanza kukusanya nakala za barua na kuwahoji mashehe, wakiamini kwamba ndani ya maduara hayo kunapangwa vita vingine. Nakala zikafasiriwa, majalada yakajazwa, na mwaka 1911 mtaalamu wao Carl Heinrich Becker akachapisha utafiti mrefu juu ya Uislamu wa koloni lile, kazi ya mtu makini ambayo wanachuoni wanaitumia hata leo. Huwa najiuliza ingekuwaje kama ofisa mmoja wa Lindi angealikwa alasiri moja kukata vitunguu.

Baada ya Isha ukumbi ulijaa. Chetezo kikapitishwa kila mtu ajifukize. Ikasomwa Fatiha kwa Mtume, kwa Sheikh Abdulkadir, kwa masheikh wa silsila mmoja baada ya mmoja hadi kwa wafu wa mtaa ule. Kisha tukaketi kwa nyiradi, tasbihi mikononi, sauti ya chini, kwa muda ambao magoti yangu yaliuona mrefu. Khalifa, mtu mfupi mwenye ndevu chache, ambaye mchana ni fundi wa pasi na majokofu, akasimama, nasi sote tukasimama na kufanya duara, bega kwa bega, mikono imeshikana. Upande wangu wa kulia alikuwa yule mchukuzi, na wa kushoto mwenye maduka ya vitambaa. Vijana wawili wakaanza kasida, na duara likaanza kalima ya tauhidi, taratibu, nusu ya kwanza mwili ukiinama kulia, nusu ya pili ukirudi kushoto upande wa moyo.

Nitaeleza yaliyonipata kwa kadiri yalivyo, bila ya kuyanenepesha. Mwanzo nilikuwa mtazamaji aliyeshikwa mikono: niliona feni ya darini ina panga moja lililopinda, nilikumbuka kwamba sikufunga vizuri mkoba wangu nyumbani kwa mwenyeji, nilijaribu kuhesabu tulivyorudia kalima na hesabu ikaniponyoka. Khalifa akapiga kofi, mwendo ukabadilika, tukaingia katika Jina lenyewe, na sauti ikashuka kutoka midomoni ikawa kifuani. Baadaye tena ikawa pumzi tu, nzito, ya watu wengi kwa pamoja, ile ambayo wapitao njiani huidhania kikohozi na baadhi yao huicheka. Hapo kazi ikawa ngumu. Magoti hayakuwa magumu tena, maana nilikuwa nimeyasahau. Kilichokuwa kigumu ni kwamba duara huenda mwendo mmoja, na anayetaka kubaki na mawazo yake ya pembeni huchelewa kwa nukta moja na kumvuta jirani yake. Nilimvuta mchukuzi. Hakunitazama, alinikaza mkono tu, nikarudi. Na kuanzia hapo hadi kofi la mwisho, muda ambao sikuujua urefu wake na bado siujui, sikuwa nikitazama chochote. Sikuona nuru, wala sikulia, wala sikupata habari yoyote ambayo sikuwa nayo. Lakini neno ambalo nimelisema tangu utoto, na kulisomesha, na kuliandikia makala, lilikuwa kwa muda ule halisemwi na mimi. Nami nililisikia kama mtu alisikiaye mara ya kwanza, akashtuka kwamba linamhusu.

Zaidi ya hayo sina, na nikijaribu kuongeza nitakuwa natunga.

Karibu na mwisho kijana mmoja alishikwa na jazba, akapiga ukelele, akajitupa katikati ya duara na kuanza kujizungusha, mikono ikiwapiga wenziwe. Nilitazamia kwamba wangemstahi kama mtu aliyefika mbali kuliko sisi. Khalifa alimkumbatia, akamkalisha, akampa maji, na zikri ilipofungwa kwa dua akamwambia mbele yetu sote, kwa upole lakini bila ya kuficha:

"Kijana, zikri ni ya Mola. Makelele yalikuwa yako. Wiki ijayo ukae karibu yangu."

Jambo hili lilinifunza zaidi ya yote niliyoyaona usiku ule, kwa kuwa hudhaniwa na wengi, na miongoni mwao waandishi wa mbali wanaousifu usufi kwa kuwa umeichoka mantiki, kwamba mtu akishayaacha maneno huingia katika uwanja usio na sheria, ambamo kila ahisicho ni hakika. Duara la Kariakoo lina sheria kali kuliko darasa langu. Lina mwendo wa kufuata, jirani wa kutomwumiza, khalifa wa kukurudi, na silsila inayomrudi khalifa mwenyewe. Na neno halikuachwa kamwe: zikri yote ni neno moja, limerudiwa hadi mwili ukalishika.

Pilau ikaletwa, watu wanne kwa sinia, nami nikaketi na mchukuzi. Vitunguu vilikuwa vimeyeyuka, asionekane aliyekata vyembamba na aliyekata vinene. Nikamwuliza kile nilichokuja kuuliza: apata nini humu?

Alitafuna kwanza.

"Mzee wangu, mimi mchana nabeba magunia. Gunia ukilibeba husemi kitu, unahema tu. Huku pia tunahema. Ila huku tuko wengi, na mzigo si wa tajiri."

"Na kitabu? Hutaki kujua maana ya unayoyasema?"

"Nasoma kwa Maalim, Jumamosi na Jumapili. Nimefika kwenye tajwidi. Ananichapa!" Akacheka, akanisogezea kipande cha nyama.

Ningependa kusema kwamba hapo swali la Ngamiani lilipata jibu lake na mabishano yakaisha, lakini asubuhi, nilipokwenda dukani kumshukuru Maalim, nilimkuta akibishana na mjukuu wake, kijana anayesoma chuo kikuu Morogoro, aliyekuja kumsalimu babu yake. Kijana ni mtu wa hoja, na sikupata hata mara moja kumwona akikosa adabu. Alisema kwamba ibada huthibiti kwa dalili, na kwamba Masahaba hawakusimama duara na kuinama kushoto na kulia. Na aliponiona nikitikisa kichwa akanigeukia na kuongeza jambo ambalo nililiona zito kuliko la kwanza. Maneno, alisema, angalau hupimika: mtu akisema, wengine wanaweza kumwambia umekosea, na hii ndiyo aya, na hii ndiyo hadithi. Lakini mtu akidai kwamba amehisi, nani atamkosoa? Si ndio mlango wanaopitia matapeli wote, wauza hirizi na wauza maji ya miujiza waliojaa mjini, wa dini hii na wa dini ile? Nami nakubali kwamba ndio mlango wao, na kwamba mtu akitembea tu kutoka Gerezani hadi Mnazi Mmoja akisoma mabango yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme ataona ni wangapi waliokwisha kuupita.

Maalim alikuwa akifuta vumbi misahafu.

"Ya moyoni hayana shahidi, umesema kweli," alimjibu. "Ndiyo maana hatuyaulizi. Mimi simwulizi mtu amehisi nini. Nauliza vikombe vimeoshwa?"

"Babu, kuosha vikombe si dalili."

"Na ule mchele wa jana, nani aliuleta kutoka sokoni?"

Kijana akainamisha kichwa, akatabasamu. Nilipata kujua kwamba ndiye aliyelisukuma guta la mchele jana, magunia mawili, hadi mlangoni mwa zawia. Akayashusha, akasalimu, akaenda kusali Isha msikiti mwingine. Nilimwuliza kwa nini, ikiwa anaamini anavyoamini. Alinijibu kwamba babu yake ni mzee na magunia ni mazito, na kwamba kuwalisha watu kuna dalili tele. Sikuona la kumjibu, wala babu hakuonyesha kwamba anatafuta.

Nilinunua kitabu kimoja kabla ya kuondoka, chapa mpya ya Barzanji yenye tafsiri ya Kiswahili pembeni. Maalim alikifunga kwa gazeti, akataja bei yake kamili bila ya kunipunguzia kwa ajili ya urafiki wetu mpya, akaipokea pesa, akaihesabu. Kisha akatoa daftari chini ya meza, la namna ile wanayotumia wenye maduka kuandika madeni, akalifungua kwenye ukurasa wenye orodha ya majina.

"Maulidi ya Bagamoyo watu ni wengi mno," alisema, akiitafuta kalamu yake. "Huyu mjukuu wangu nimemwandika kwenye kuni, ameshakubali. Wewe nitakuweka kwenye maji. Jina lako kamili nani?"